Wasifu wa Mama Angali Anasikia

Katika sehemu kubwa ya Tanzania, maisha ya mwanamke wa kawaida husomwa hadharani mara moja tu, siku ya maziko yake, pale mmoja wa wanafamilia anaposimama mbele ya waombolezaji na kusoma wasifu wa marehemu, yaani maelezo mafupi ya mahali alipozaliwa, shule aliyosoma, kazi aliyoifanya, watoto aliowaacha na maradhi yaliyomwondoa duniani. Karatasi hiyo huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na watu waliochoka kwa kilio na kukesha, tena mara nyingi na kijana aliyechaguliwa kwa sababu tu mwandiko wake unasomeka, hivyo si ajabu mwaka wa kuzaliwa ukakosewa, jina la mtoto aliyefariki angali mchanga likarukwa, na kazi ya miaka mingi ikafupishwa kuwa maneno mawili, "alikuwa mjasiriamali". Mtu pekee ambaye angeweza kusahihisha makosa hayo ndiye anayezikwa. Salamu za siku ya kuzaliwa, kwa maana ya andiko ambalo mtoto humsomea mama yake mbele ya ndugu na wageni, zina thamani kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine yoyote: ni wasifu unaosomwa wakati mwenye maisha hayo bado anaweza kuinua mkono na kusema kwamba mambo hayakuwa hivyo.

Ushauri ufuatao umejengwa juu ya mazingira ya Kihonda, upande wa kaskazini wa Manispaa ya Morogoro, kando ya barabara kuu iendayo Dodoma, ambako familia zilizoshuka kutoka Milima ya Uluguru zinaishi ukuta kwa ukuta na watu waliokuja kutoka mikoa mingine kufuata kazi za viwandani, vyuo na biashara. Katika mitaa ya namna hiyo sherehe ya kuzaliwa imekwisha kuwa na utaratibu wake unaojulikana, wenye keki, mshereheshaji, sare za kitenge kwa mabinti na wakwe, kulishana, kutunza, na hatimaye kumwagiwa maji kwa mwenye siku yake, hata akiwa bibi wa miaka sabini ambaye wajukuu humwonea huruma na kumnyunyizia kidogo tu. Salamu zenyewe ndizo hupewa maandalizi haba kuliko vyote, zikaishia katika picha ya simu yenye maneno kama "malkia wangu" na "shujaa wangu", ambayo jirani wa nyumba ya pili anaweza kuyachukua yalivyo na kumpelekea mama yake bila kubadilisha herufi. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni hicho hicho: salamu zinazoweza kumfaa mama wa jirani bado hazijaandikwa.

Kazi ya kwanza ni kuitafuta tarehe, na kwa wanawake waliozaliwa kabla ya Uhuru au katika miaka michache iliyofuata kazi hiyo si ndogo kama inavyodhaniwa. Namba ya Kitambulisho cha Taifa, yenye tarakimu 20, huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye nayo, na mtoto anayeichunguza kadi ya mama yake anaweza kukuta kwamba alizaliwa tarehe 1 Januari au 1 Julai, tarehe ambazo mara nyingi huandikwa pale mwombaji asipoijua siku yake. Tarehe hiyo ni halali kwa shughuli za benki na za serikali, lakini haina nguvu ya kumzuia mtoto asitafute iliyo karibu zaidi na ukweli. Kwa familia za Kikatoliki chanzo bora ni daftari la ubatizo, kwa maana ya rejesta ambamo paroko huandika jina la mtoto, wazazi wake, msimamizi wake na siku aliyobatizwa, na parokia kongwe za Uluguru, mathalani Matombo, ni mahali pa kuanzia, ingawa lazima ikumbukwe kwamba mtoto wa kijiji cha mbali aliweza kubatizwa majuma au miezi kadhaa baada ya kuzaliwa.

Pale ambapo karatasi haipo, hubaki kumbukumbu za wazee, na kumbukumbu hizo hufaa sana zikiulizwa kwa matukio badala ya miaka. Bibi asiyejua mwaka aliojifungua anaweza kukumbuka kwamba mtoto alikuwa anatambaa wakati wa ghasia za Matombo za mwaka 1955, pale wakulima walipokataa amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ya Uluguru hadi polisi wakatumia risasi, au kwamba mimba ilikuwa changa bendera ya Tanganyika ilipopandishwa Desemba 1961, au kwamba familia ilikuwa imehamishiwa kijiji cha ujamaa mwaka 1974, au kwamba mdogo wake alizaliwa wanajeshi walipokuwa wanarudi kutoka Vita vya Kagera mwaka 1979. Wakazi wa Kihonda wana kigezo kingine kilicho karibu nao zaidi, yaani kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, kwa ajali iliyotokea Dakawa, katika barabara hiyo hiyo inayopita mlangoni mwao. Majira nayo husaidia, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa "katikati ya masika" hakosi kuwa wa Machi, Aprili au Mei. Kwa Waislamu upo msaada wa ziada, kwani mwezi wa Kiislamu ukijulikana pamoja na mwaka, tarehe ya kalenda ya kawaida hupatikana kwa hesabu: mama anayesemekana kuzaliwa usiku wa Maulidi, Mfungo Sita, katika mwaka uliomalizikia na Uhuru, alizaliwa mwishoni mwa Agosti 1961. Si lazima ipatikane siku kamili. Mwandishi anayesema mbele ya wageni kwamba mama alizaliwa masika ya mwaka fulani, na akaeleza alivyofikia hapo, amempa mama zawadi ambayo keki haiwezi kuifikia.

Zipo pia familia ambazo dini yao haikubali sherehe ya kuzaliwa, wakiwemo baadhi ya Waislamu na Mashahidi wa Yehova, na katika nyumba hizo si busara kumlazimisha mama akae mbele ya mishumaa kwa ajili ya kuwafurahisha watoto. Salamu hazifungwi na keki. Zinaweza kusomwa siku yoyote ndugu wanapokutana kwa chakula, ikiwa dini yake hiyo haina neno na mkusanyiko wa namna hiyo.

Baada ya tarehe huja suala gumu zaidi, nalo ni namna ya kuyapata mafunzo yenyewe. Kosa linalofanywa na wengi ni kumkabili mama na swali la moja kwa moja, "Mama, umetufundisha nini?", kwa sababu mtu yeyote akiulizwa hivyo hujibu kwa mambo ya jumla, kwamba aliwafundisha kumcha Mungu, kuheshimu wakubwa na kufanya kazi kwa bidii, mambo ambayo ni kweli lakini hayamtofautishi na mama mwingine. Swali lenye tija huulizia kitu, mahali na fedha: ada ya kidato cha kwanza ilitoka wapi, nani alikopesha, gunia la kwanza la mkaa lilinunuliwa kwa nani, mvua ilipobomoa jiko watu walipika wapi. Maulizo hayo yaende pia kwa watu wengine, na hapa utaratibu wa heshima uzingatiwe, yaani mwandishi aanze na shikamoo, akae, asikilize habari za magoti na za wajukuu, ndipo aingize lake. Mama mkubwa atajua utoto wa mama. Mjomba atajua mambo ya shamba na ya urithi. Somo wake, yaani mwanamke mtu mzima aliyemfunda alipokuwa mwali, atajua mengi na atasema machache, na hana budi kuachiwa aseme hayo machache. Shoga yake wa sokoni ndiye mara nyingi hujua yale ambayo nyumbani hayakusemwa kamwe.

Mfano wa mama mwuza mboga utasaidia kuonyesha jinsi somo linavyokaa ndani ya kazi. Mwanamke wa Kihonda anayeuza mchicha hauvuni shambani kwake; kwa kawaida hununua tuta, yaani kitalu kizima cha mboga kinachouzwa kikiwa bado ardhini, kutoka kwa wakulima wa bustani walio karibu na maji, na bei ya tuta hukadiriwa kwa macho, hivyo asiyejua kuangalia hupata hasara kabla jua halijachomoza. Hung'oa alfajiri, hutikisa udongo, hufunga mafungu kwa kamba ya mgomba, hunyunyiza maji na kupanga mafungu hayo juu ya kiroba kilichokunjuliwa, yale yenye majani makubwa yakitangulia mbele. Mteja wa kila siku huongezewa nyongeza, matawi mawili matatu yasiyo na bei, na mteja huyo kesho hapiti kwa mwingine. Ifikapo saa nne, kabla hajanunua hata chapati, huhesabu fedha iliyolipia tuta la leo, huifunga fundo katika pindo moja la kanga, na kinachobaki nje ya fundo ndicho humtuma mtoto dukani kuleta sukari. Kiasi kidogo huwekwa kando kwa ajili ya kijumbe, jina ambalo hutumika kumtaja mkusanyaji wa fedha za upatu, utaratibu wa watu kuchanga kiasi sawa kila siku au kila juma na kupokezana jumla yake kwa zamu.

Mtoto aliyekua akitazama fundo hilo alifundishwa kutenganisha mtaji na faida miaka mingi kabla hajaisikia istilahi hiyo darasani. Sasa mwandishi wa salamu ana njia mbili. Anaweza kusema, "Mama, ulitufundisha nidhamu ya fedha," na wageni watapiga makofi kwa adabu. Anaweza pia kulieleza fundo, pindo lilikuwa lipi, siku gani lilifunguliwa kwa dharura na dharura hiyo ilikuwa nini, na wanawake waliokaa nyuma watacheka kwa kujitambua huku mama akiangalia chini. Njia ya pili ni ndefu kidogo na inahitaji kumbukumbu, lakini haihitaji kutangaza kwamba ni somo.

Mama aliyefanya kazi kiwandani anastahili uangalifu wa aina hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 na 1980 Morogoro ilijengewa viwanda vya ngozi, viatu, turubai na nguo, na kile cha viatu, kilichogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hakikukaribia kamwe uzalishaji uliokusudiwa. Wakati wa mageuzi ya uchumi na ubinafsishaji wafanyakazi wengi wa viwanda vya umma walipoteza kazi. Kama mama alikuwa miongoni mwao, salamu zikitaja tu kwamba "alipitia changamoto" zitakuwa zimemnyima haki, kwa kuwa neno hilo hufunika kila kitu, kuanzia homa hadi mafuriko. Iandikwe idara aliyofanyia kazi, zamu yake, nani alibaki na watoto usiku, na asubuhi ile ya kwanza isiyo na kiwanda aliamka kufanya nini. Kama alikanda unga wa maandazi, itajwe idadi aliyoanza nayo na mtu aliyemkopesha mafuta.

Mfano wa kuigwa katika jambo hili upo katika maandishi ya Kiswahili. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, na kufariki mwaka 1950, hakuona aibu kusema kwamba mwanamke huyo alianza maisha kwa kuuza vyungu mtaani, wala hakuuacha umaskini wa wazazi wake ili sifa zake zipate kung'aa. Mfano wa aina nyingine ni utendi ambao Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake Mwana Hashima mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua kwamba siku zake zinahesabika. Huko mama mwenyewe ndiye anayeyataja mafunzo na kuyapanga, na binti ndiye anayesikiliza. Katika salamu za kuzaliwa kiti kimegeuzwa: mtoto ni shahidi, na shahidi hutoa alichokiona, hana mamlaka ya kutunga mafunzo ambayo angependa kuwa amefundishwa. Tofauti hiyo husahaulika, na matokeo yake ni salamu ambazo ndani yake mtoto anajisifu mwenyewe kwa kisingizio cha kumsifu mama, akisimulia shahada zake, gari lake na cheo chake huku mama akitajwa kama ngazi iliyompandisha.

Kwa familia za Kiluguru liko jambo jingine linaloongeza uzito wa salamu. Waluguru kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa maana kwamba mtoto huingia katika lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na ardhi ya ukoo huko milimani hurithiwa kwa mstari huo, mjomba akiwa na sauti kubwa katika mambo ya wapwa wake. Maisha ya mjini, ndoa za watu wa makabila mbalimbali, dini na sheria za nchi, zikiwemo sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zinazompa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, zimeibadilisha desturi hiyo kwa namna nyingi, lakini hazijaifuta. Kwa hiyo salamu za mama wa Kiluguru zikimweleza kama mke wa fulani na mama wa fulani pekee, wazee walioshuka kutoka Kinole au Mgeta kwa ajili ya shughuli hiyo wataona kwamba mhusika amekatwa kichwa. Inafaa bibi mzaa mama atajwe kwa jina, na ikiwezekana mama wa bibi pia, kijiji chao kitajwe, na shamba ambalo mama aliliacha aliposhuka mjini litajwe pamoja na mtu anayelilima sasa. Hapa tahadhari ni lazima, kwa sababu shamba likitajwa kwenye kipaza sauti mbele ya wajomba linaweza kufungua shauri lililokuwa limelala. Mwandishi amwulize mjomba kwanza, na kama mgogoro upo, shamba libaki nje ya karatasi. Mama ambaye bado hutumia Kiluguru anapokasirika au anapomsifu mtu anastahili sentensi yake moja isomwe kwa Kiluguru kama anavyoisema yeye, ikifuatwa na maelezo mafupi kwa ajili ya wakwe wa Kichaga na wa Kisukuma.

Kuhusu mambo ya kuachwa, orodha inaweza kuwa ndefu, lakini machache yana madhara kuliko mengine. Ugonjwa wa mama ni siri yake hata kama kila mtu aliyepo anaujua. Ugomvi wake na baba, awe hai au marehemu, hauna nafasi, na kumpandisha mama kwa kumshusha baba ni njia rahisi ya kuwafanya nusu ya wageni wanyamaze. Ahadi za zawadi kubwa, kiwanja au nyumba, zisitolewe kwenye kipaza sauti ikiwa fedha haipo, kwa sababu mama ndiye atakayeulizwa na majirani miezi sita baadaye. Suala la fimbo linahitaji uamuzi. Wazungumzaji wengi hupenda kusimulia kwa kicheko jinsi walivyochapwa wakanyooka, na ukumbi huitikia; hata hivyo mtoto mdogo aliyekaa mkekani anasikia kwamba kuumizwa ndiko kulikomfanya mjomba wake kuwa meneja. Ukali wa mama unaweza kuelezwa kwa kile alichokikataa, mathalani kitu kilichookotwa ambacho alimrudisha mtoto nacho usiku hadi kwa mwenyewe, bila kuutukuza mkono uliopiga. Na kama lipo somo ambalo mtoto hakulifuata, tuseme mama alimtaka awe muuguzi naye akawa fundi umeme, salamu hazipungui kwa kulisema hilo kwa upole. Mara nyingi sehemu hiyo ndiyo mama huisubiri.

Rasimu ikiwa tayari, mama asomewe faraghani, au angalau aelezwe mambo yatakayotajwa, siku chache kabla ya sherehe. Wapo watakaodai kwamba kufanya hivyo kunaharibu mshangao, lakini mshangao ni wa keki na wageni wasiotarajiwa. Maisha ya mtu hayatangazwi bila ruhusa yake. Atafuta jambo moja au mawili, na atakaloongeza litakuwa bora kuliko yote yaliyokusanywa.

Siku yenyewe, maneno 400 hadi 500 yanatosha, kwani husomeka kwa takriban dakika nne kwa mwendo wa utulivu, na zaidi ya hapo mshereheshaji huanza kuangalia saa. Zisomwe kabla ya chakula na kabla ya maji, kwa sababu baada ya maji watu hutawanyika na karatasi hulowa. Watoto wakiwa wengi, asome mmoja tu, na asiwe lazima kifungua mimba wala yule mwenye kipato kikubwa, bali yule ambaye sauti yake haitakatika. Wengine waandike sentensi mojamoja ambazo msomaji ataziingiza kwa kuwataja. Muziki uzimwe kabisa, wala usipunguzwe tu, maana fundi mitambo ana tabia ya kuupandisha pale anapohisi kwamba huzuni inaingia.

Karatasi isitupwe pamoja na masanduku ya keki. Ichapwe kwa nafasi pana kati ya mistari, iandikwe tarehe juu, na mama akae nayo na kalamu kwa majuma machache ili mwaka usio sahihi ufutwe na jina lililosahaulika liongezwe. Toleo lililosahihishwa litolewe nakala: moja ihifadhiwe pamoja na vyeti, nyingine apewe mama mdogo, kwa sababu ndiye ambaye wapwa na wajukuu humwendea na maswali ya ukoo, wakiwemo wale waliozaliwa Dar es Salaam, ambao tangu Juni 2024 huweza kufika Morogoro kwa treni ya umeme na kurudi siku hiyo hiyo. Mwaka unaofuata, kabla ya kuandika salamu mpya, nakala hiyo ndiyo ya kuanza nayo.